Sura ya Sita: Saa Huona Kisichoonekana

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Bukoba mjini kuta zilipasuka na mapaa yakaporomoka. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi kwamba masomo yalisimama. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na familia nyingi zililala nje kwa hofu ya kurudi ndani. Siku hiyohiyo wataalamu wa mitetemo walishataja ukubwa wa tetemeko, 5.9, na mahali lilipoanzia: upande wa Nsunga, Missenyi, kilomita kama 40 chini ya ardhi.

Hakuna binadamu aliyewahi kufika kilomita 40 chini ya ardhi. Mgodi wenye kina kuliko yote duniani, ulioko Afrika Kusini, unaishia kwenye kilomita 4 hivi. Sasa hao wataalamu walijuaje? Walitazama saa. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili kwa mpigo mmoja. La kwanza husukuma na kuvuta, nalo hukimbia sana. La pili hutikisa upandeupande, nalo huja likichelewa. Kila kituo cha vipimo huandika saa ya kufika kwa kila wimbi, na pengo kati ya mawimbi hayo hutoa umbali. Vituo kadhaa vikiweka hesabu zao pamoja, mahali panajulikana hata kama hapaonekani.

Sura hii inahusu kitu kilichojificha zaidi ya ule ufa wa Missenyi. Hakitoi nuru, hakiakisi nuru, hakizuii nuru. Wanasayansi wanakiita maada giza, na kwa vipimo vya leo kinazidi maada yote ya kawaida, yaani nyota, sayari, gesi, maji, mawe na miili yetu, kwa takriban mara tano. Nacho pia kimejulikana kwa njia ileile: kwa kupima mwendo na muda, kisha kuuliza ni nini kimeusababisha.

Lakini vijana wa kidato cha tano na cha sita, wakishasikia habari za Einstein, huja na swali ambalo haliwezi kupuuzwa. Kama kweli muda hauendi sawa kila mahali, kwa nini tusiseme kwamba hiyo maada haipo kabisa, ila sisi tunahesabu saa vibaya? Hilo ni swali zuri, na uzuri wake ni kwamba lina jibu la namba. Ili tulifikie, tuanze na saa zenyewe.

Saa za mkataba na saa za maumbile

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara kuingia Rwanda, unarudisha saa yako nyuma kwa saa nzima. Mwili haujui lolote, wala mto Kagera chini ya daraja. Ni nchi mbili tu zilizokubaliana na dunia kwa namna mbili tofauti.

Saa ya Afrika Mashariki nayo ni makubaliano. Imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita jirani na Mogadishu, wakati Bukoba iko karibu na nyuzi 32. Matokeo yake jua la Bukoba hufika utosini, kwa wastani, kwenye saa 6 na dakika 53 mchana. Saa 12 kamili asubuhi, Dar es Salaam inakaribia kupambazukiwa, lakini Bukoba bado ni giza. Hadi jua lichungulie upande wa ziwa, saa inakaribia moja. Kati ya Dar na Bukoba kuna kama nusu saa ya jua, na wote tunasoma saa ileile.

Tofauti hizi haziwahusu wanafizikia sana. Wao wanatafuta saa inayofuata maumbile. Kitu chochote kinachobadilika kwa mwendo usiopindika kinafaa. Mkaa uliochimbwa kwenye tanuri za chuma za kale huko Katuruka, mkoani Kagera, ni saa: kaboni ya aina ya 14 iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na kwa hesabu hiyo watafiti walitambua kwamba watu wa eneo hilo walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Saa sahihi zaidi ni atomi zenyewe. Tangu mwaka 1967 sekunde moja ya dunia nzima imekuwa muda wa mitikisiko 9,192,631,770 ya mionzi inayotokana na atomi ya sizi. Atomi ya sizi iliyoko Muleba haina tofauti na iliyoko Paris. Kwa hiyo saa mbili za atomi zikiachana, tujue muda wenyewe ndio ulioachana.

Mwaloni na mlimani

Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia ya uhusianifu wa jumla. Ndani yake mna dai linaloisumbua akili hadi leo: kadiri unavyokaribia kitu kizito, ndivyo muda unavyokwenda polepole. Saa iliyo chini huchelewa, iliyo juu huwahi, na zote mbili ni nzima.

Chukua saa mbili za atomi zinazolingana. Moja iache mwaloni, pale wavuvi wa Muleba wanapoanika dagaa. Nyingine ipandishe hadi mgongo wa mlima ulio mita 300 juu ya ziwa. Baada ya mwaka iteremshe, uzilinganishe. Ya mlimani itakuwa mbele kwa mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mji wa Bukoba uko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo saa yake huitangulia saa ya pwani ya Dar es Salaam kwa karibu mikrosekunde 4 kila mwaka. Bibi aliyezaliwa na kuzeekea Bukoba, akitimiza miaka 70, atakuwa amempita pacha wake wa Dar kwa chini ya theluthi moja ya sehemu ya elfu ya sekunde. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ziada inafika mikrosekunde 20 kwa mwaka.

Huenda ukasema ni tofauti ndogo mno kumhusu mtu. Lakini imepimwa, tena mara nyingi. Mwaka 1960 Robert Pound na Glen Rebka waliipima ndani ya jengo la Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye kimo cha mita 22 na nusu tu. Mwaka 2020 timu ya Hidetoshi Katori ilitangaza vipimo vya saa mbili, moja chini na nyingine mita 450 juu ya mnara wa Tokyo Skytree. Mwaka 2022 wenzao wa Boulder, Marekani, waliionyesha ndani ya wingu la atomi lenye kimo cha milimita moja. Kwa saa kama hizo, kuinua kitabu hiki kutoka mezani hadi usoni kunatosha kubadili mwendo wa muda kwa kiasi kinachopimika.

Na wewe unaitumia tofauti hii kila siku. Simu inapokuonyesha uko stendi ya Bukoba, au nahodha wa meli ya MV Victoria anapotafuta njia usiku kuelekea Kemondo, chombo kinasikiliza setelaiti zilizoko kilomita 20,200 juu. Kila setelaiti hutuma ujumbe mmoja tu wa maana: niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Chombo hulinganisha saa za setelaiti nne au zaidi, kikajua kilipo. Sasa, huko juu mvutano wa dunia ni hafifu, hivyo saa za setelaiti huwahi kwa mikrosekunde 45 kwa siku. Mwendo wao wa kasi nao huzichelewesha kwa 7. Zinabaki 38. Nuru husafiri karibu mita 300 kwa kila mikrosekunde, kwa hiyo tofauti hiyo ikiachwa bila kurekebishwa, kosa la umbali lingekua kwa kilomita 11 hivi kila siku. Mtu aliyesimama stendi angeweza kuonyeshwa yuko ziwani, ng'ambo ya kisiwa cha Musira.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka duniani, na ndilo linaloibeba sura nzima. Tofauti hii ya muda inafanya kazi kubwa kuliko kusumbua saa: kwa Einstein, ndiyo inayofanya vitu vianguke. Kitu kilichoachwa huru hufuata njia ambayo saa yake yenyewe ingehesabu muda mwingi kuliko kwenye njia nyingine za jirani. Rusha jiwe juu. Kwenda juu kunalipa, kwa kuwa muda wa huko unakwenda haraka. Lakini kukimbia kunagharimu, kwa kuwa mwendo huchelewesha saa. Mapatano kati ya hayo mawili ndiyo ile njia ya kupanda, kusimama kidogo na kurudi, ambayo kila mtoto anaijua. Kwa hiyo mahali popote unapoona kitu kikivutwa au kuzungushwa, unaona mteremko wa muda. Na penye mteremko wa muda pana uzito unaousababisha.

Kupima uzito kwa mwendo

Jua lina uzito gani? Halijawahi kuwekwa kwenye mizani. Tunajua kwa sababu dunia hulizunguka kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, na kasi hiyo kwa umbali huo inadai uzito fulani katikati. Sayari nyingine hukubaliana na hesabu hiyohiyo: Utaridi iliyo karibu hukimbia kilomita 47 na kitu kwa sekunde, na Neptun iliyo mbali hujikongoja kwa 5 na kitu. Kadiri unavyotoka nje, kasi inapungua, kwa sababu karibu uzito wote uko kwenye jua.

Watu walitarajia galaksi ziwe hivyohivyo, maana mwanga wake mwingi uko katikati. Mwezi Novemba, msimu wa senene, tafuta mahali pasipo na taa za watega senene, utazame kaskazini kuelekea Uganda kwenye saa 4 usiku. Mbingu ikiwa safi utaona doa hafifu kama moshi. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, na nuru yake imesafiri miaka milioni 2 na nusu kukufikia. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford, wanaastronomia wa Marekani, walichapisha kasi za mawingu 67 ya gesi yaliyotawanyika kwenye galaksi hiyo. Kasi hazikupungua kwa kwenda nje kama zilivyotarajiwa. Miaka iliyofuata galaksi nyingine nyingi zilitoa jibu lilelile. Yetu pia, Njia Nyeupe, iko hivyo: jua letu linaizunguka kwa kilomita kama 230 kwa sekunde, na nyota zilizo mbali zaidi na kitovu haziko nyuma sana ya hapo. Kwa kasi hizo, kama kingekuwepo kile tunachokiona tu, nyota za pembeni zingeshatawanyika zamani.

Fritz Zwicky alikuwa ameshatoa onyo mwaka 1933. Alipochunguza kundi la galaksi liitwalo Coma, aliona zinakimbia kupita kiasi, akaandika kwamba lazima pawe na maada isiyoonekana. Wengi hawakumtilia maanani.

Ushahidi mwingine juu ya makundi hayo uliondokea kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, mradi wa Waitaliano. Ilibeba setelaiti ya kwanza duniani iliyojengwa kwa kazi moja tu ya kuangalia eksirei za angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi kwa upande wa NASA, alipendekeza jina: Uhuru. Kisayansi iliongozwa na Riccardo Giacconi, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Malindi ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia humsaidia mrushaji.

Uhuru ilionyesha kwamba makundi ya galaksi, Coma likiwemo, humwaga eksirei kutoka eneo pana, chanzo chake kikiwa gesi ya moto iliyojaa kati ya galaksi. Joto la gesi ya Coma ni karibu nyuzi milioni 100. Gesi ya moto namna hiyo hupenda kutawanyika. Ikibaki mahali pake, kuna mvutano unaoizuia. Ukijumlisha gesi yote na nyota zote, bado hufiki hata robo ya uzito unaohitajika kuishikilia. Hesabu ya Zwicky ilitokana na kasi za galaksi, hesabu ya gesi imetokana na joto, na zote mbili zikadai kitu kilekile kisichoonekana.

Je, tunakosea saa?

Sasa turudi kwa yule kijana wa kidato cha sita. Huenda muda wa pembezoni mwa galaksi unakwenda tofauti na wa kwetu, kwa hiyo kasi tunazozisoma ni za uongo?

Tupige hesabu. Nyota ikitaka kuikimbia kabisa Njia Nyeupe kutoka mtaa wetu inahitaji kasi inayozidi kidogo kilomita 500 kwa sekunde. Kasi hiyo hutuambia tumezama kiasi gani ndani ya mvutano wa galaksi, na kwa hiyo saa zetu zimechelewa kiasi gani. Ukilinganisha saa ya Bukoba na saa iliyoko mbali kabisa nje ya galaksi, ya Bukoba huchelewa kwa karibu sekunde 50 kila mwaka. Kwenye mwaka wenye sekunde zaidi ya milioni 31, hizo ni kama sehemu moja na nusu ya milioni.

Hapo ndipo pendekezo la kijana linapokwama. Kosa linalohitajika ili kuiondoa maada giza ni kubwa mno: kasi za pembeni za galaksi inabidi zipunguzwe kwa karibu nusu. Kosa ambalo saa zinaweza kulitoa haliwezi kubadili hata tarakimu ya nne ya kasi hizo. Isitoshe, kuchelewa kwa muda husogeza rangi za nuru ya pande zote mbili za galaksi kuelekea wekundu. Mzunguko hufanya tofauti: upande unaotujia husogea kwenye buluu, unaotukimbia kwenye nyekundu. Rubin na Ford walipima pengo kati ya pande hizo, na pengo hilo haliwezi kutengenezwa na saa iliyochelewa.

Ila namba hiyo ya sekunde 50 ina siri nyingine. Ukichukua nyota na gesi zote zinazojulikana za Njia Nyeupe ukakadiria zinaweza kuchelewesha saa yetu kwa kiasi gani, unapata sekunde kumi na kitu kwa mwaka. Zinazobaki, karibu sekunde nne katika kila tano, zina mwenyewe mwingine. Kijana aliuliza kama muda unaweza kuchukua nafasi ya maada giza. Jibu ni kwamba muda ndio unaoshuhudia kuwa ipo.

Nuru iliyochelewa

Mpaka hapa tumetumia nyota na gesi kama mashahidi. Nuru nayo ni shahidi, na ushahidi wake unasomeka moja kwa moja kwenye kalenda.

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki na Bara la Afrika, kikapita kusini mwa Tanganyika jua likielekea kuzama. Njiani, kwenye kisiwa cha Príncipe, Arthur Eddington alipiga picha za nyota zilizo kando ya jua lililopatwa. Wenzake walifanya hivyo Sobral, Brazili. Nyota zilionekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake, karibu na kiasi alichotabiri Einstein. Nusu ya kupinda huko hutokana na kuchelewa kwa muda karibu na jua. Nusu ya pili hutokana na kupinda kwa nafasi yenyewe.

Mwaka 1964 Irwin Shapiro aliongeza kwamba mawimbi yanayopita kando ya jua lazima yafike yamechelewa. Alipoyarusha ya rada hadi kwenye sayari na kuyapokea yakirudi, ucheleweshaji ulionekana: karibu mikrosekunde 200 kwa safari ya kwenda na kurudi. Mwaka huohuo wa 1964 Mnorwe Sjur Refsdal aliwaza jambo kubwa zaidi. Kama galaksi nzito iko kati yetu na nyota inayolipuka, nuru ya mlipuko inaweza kutufikia kwa njia kadhaa zilizopinda. Njia hazilingani kwa urefu wala kwa kina cha mvutano, kwa hiyo tutauona mlipuko uleule zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti. Pengo la siku hizo litakuwa kipimo cha uzito ulio katikati, uonekane usionekane.

Refsdal alifariki mwaka 2009. Miaka mitano baadaye, Novemba 2014, darubini ya Hubble ilinasa picha nne za mlipuko mmoja nyuma ya kundi la galaksi liitwalo MACS J1149, na mlipuko ukapewa jina lake. Timu kadhaa zikakaa chini kuchora ramani ya uzito wa kundi hilo, sehemu kubwa ikiwa maada giza, na kutoka kwenye ramani zikatabiri kwamba picha nyingine itatokea mahali fulani, mwaka mmoja hivi baadaye. Utabiri uliandikwa kabla. Tarehe 11 Desemba 2015 Hubble iliangalia, na picha ilikuwepo, mahali palipotajwa, ndani ya muda uliotajwa.

Ramani hizo zingechorwa kwa nyota na gesi tu, utabiri usingetimia. Hakuna aliyeiona maada iliyojaa kati ya galaksi zile, ila kalenda ilitii hesabu zilizoiweka ndani.

Alhamisi ya Agosti 17

Wapo wanasayansi makini wanaoamini kwamba kosa liko kwenye kanuni ya mvutano. Mordehai Milgrom alipendekeza mwaka 1983 kwamba mvutano ukiwa hafifu sana hufuata sheria tofauti, na pendekezo lake hueleza vizuri kasi za nyota ndani ya galaksi nyingi. Makundi ya galaksi humpa shida zaidi, kwa maana hata kwa sheria yake bado pana uzito usioonekana.

Baadhi ya waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Walitunga nadharia ambamo nuru na maada hujiendesha kana kwamba maada giza ipo, ilhali mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi na muda wenyewe, husikia maada ya kawaida peke yake. Tofauti kati ya nadharia hizo na ile ya Einstein ingeonekana siku nuru na mawimbi ya mvutano yatakapotoka mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Siku hiyo ilifika Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2017. Saa 9 na dakika 41 alasiri, kwa saa ya Bukoba, wimbi la mvutano lililotokana na kugongana kwa nyota mbili za nyutroni lilipita duniani baada ya safari ya miaka milioni 130. Lilipita katikati ya migomba ya Muleba na maji ya ziwa bila kumwamsha aliyesinzia. Mitambo ya LIGO ya Marekani ililisikia. Sekunde 1.7 baadaye setelaiti ya Fermi ikanasa mionzi ya gama, ambayo ni aina ya nuru, kutoka mgongano huohuo.

Watafiti walikadiria kwamba maada giza iliyo kwenye njia hiyo yote ingechelewesha ujumbe kwa siku kama 400. Kama mawimbi ya mvutano yasingeihisi, yangefika zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mionzi ya gama. Yalitangulia kwa sekunde 1.7, na hata hizo zinaweza kuwa ni muda wa mlipuko wenyewe kujiandaa. Nadharia zote za ukoo ule zilianguka kwa kipimo kimoja. Nyingine za kurekebisha mvutano zimesalia, na wenyewe bado wanazifanyia kazi.

Kilichobaki

Kwa hiyo tunajua uzito wake, tunajua umesambaa wapi, na tunajua hauna nuru. Hatujui umetengenezwa na nini. Ugumu mmojawapo ni uchache wake katika mahali pamoja. Kwa makadirio ya sasa, ndani ya Ziwa Victoria lote, na maji yake yanayofika kilomita za ujazo 2,700, maada giza iliyomo sasa hivi haizidi sehemu mbili au tatu za milioni za gramu, pungufu kuliko punje moja ya chumvi. Ndani ya dunia nzima haifiki kilo moja. Ndiyo sababu haibadili mwendo wa sayari wala saa ya mwaloni. Nguvu yake iko kwenye ukubwa wa nafasi: mtawanyiko huohuo mwembamba, ukiutandaza kwenye galaksi nzima na mbali kupita nyota za mwisho, unauzidi uzito wa nyota zote kwa mbali.

Kila mwenye wazo jipya, awe profesa wa Ulaya au kijana wa sekondari ya Muleba mwenye daftari lililojaa hesabu, ana mitihani isiyokwepeka. Wazo lake lieleze kasi za pembeni za Andromeda. Lieleze gesi ya moto ambayo Uhuru iliiona kwenye makundi ya galaksi. Litabiri picha ya Refsdal irudi karibu na Desemba 2015, sio kabla ya hapo wala miaka mingi baadaye. Na liruhusu wimbi la mvutano na mionzi ya gama kufika pamoja, kwa tofauti ya sekunde 1.7, baada ya miaka milioni 130. Wazo likishinda mitihani hiyo yote bila maada giza, tutaliacha neno hili vitabuni kama tulivyoacha mengine. Hadi leo hakuna lililoishinda kwa ukamilifu kama wazo la kwamba maada hiyo ipo.

Sura inayofuata inashuka chini ya ardhi, Marekani na Italia, kwenye matangi ya zenoni yenye uzito wa tani kadhaa, ambako watu wamekaa miaka wakisubiri chembe moja ya maada giza igonge atomi moja tu. Haijagonga bado.